Jetoni Namba Kumi na Nne

Wadogo zangu wa laboratwari, mmeniomba niwaandikie jinsi ya kusafisha kioo cha hadubini bila kukikwaruza. Jibu ni fupi: tumieni kipande cha shati la pamba lililofuliwa mpaka likachoka, na msikipulizie kioo kwa mdomo. Mngeweza kuishia hapo. Lakini nimeacha kazi nikiwa na miaka thelathini na mbili, kwa sababu ya jicho la kulia lililoingia ukungu na ambalo haliwezi tena kutofautisha yai la mnyoo na punje ya mchanga, na sasa nina muda mwingi kuliko shughuli. Wengine huandika mambo ya kazi wakiwa na mvi. Mimi mvi sina. Nina jambo moja nililolifanya Makobola, na bado linanishtua kama vile nimeambiwa leo asubuhi kwamba nililifanya.

Nilianza mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini, nikiwa mwosha chupa katika dispanseri moja ya Uvira. Siku ya kwanza nilivunja chupa mbili. Nilificha vipande mfukoni, vikanikata paja, na infirmye mkubwa, yaani mwuguzi mkuu, akaiona damu kwenye kaptula yangu kabla yangu. Huyo alikuwa Bonifasi, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliyekuwa ametembea na timu za malale kabla sijazaliwa. Alinitoa vipande kimoja kimoja kwa koleo, akanipaka iodini, akasema, "Mutoto, chupa iko inavunjika, ni kazi yake. Muntu wa kuficha chupa ndiye tunaogopa hapa."

Nilipaswa kuyashika maneno hayo. Nilishika ufagio, nikafagia vizuri mno.

Kazi ya hadubini sikufundishwa na shule yoyote. Kuanzia saa sita mchana hadi saa nane Wazungu walifunga milango na kulala, na Bonifasi, aliyekuwa na ufunguo, aliniachia chumba cha laboratwari kwa sharti kwamba nisiguse skrubu kubwa. Nilikaa pale kila siku na kitabu cha picha kisicho na jalada, nikichora mayai ya minyoo kwenye kaye, daftari langu la mazoezi: lenye ganda jembamba, lenye mwiba, lenye vifuniko viwili kama pipa. Kifaransa nilikisoma kwenye lebo za chupa, ndiyo maana hadi leo naweza kusema "weka mahali pakavu" bila kosa lakini siwezi kuomba radhi. Mchoro ukitoka mbaya nilichana ukurasa wote. Nilichana kurasa nyingi. Mtu anayejifunza peke yake hana wa kumwambia kwamba sasa inatosha, kwa hiyo huendelea kuogopa hata baada ya kujua.

Baada ya miaka miwili niliruhusiwa kusoma vioo vya wagonjwa wa kweli, na nikapewa chombo nilichokipenda kuliko vyote, kitabu cha rangi za damu. Mmekwishakiona. Unachoma kidole, unachukua tone kwa karatasi ya kunyonya, unangoja mng'ao ukauke lakini rangi isianze kuwa ya kahawia, kisha unalinganisha na michirizi iliyochapwa kitabuni, kutoka nyekundu nzito ya mtu mwenye afya hadi waridi ya mtu anayekwisha. Fanyeni hivyo kwa mwanga wa mchana, mkiwa mmelipa jua mgongo. Kando ya kila rangi kuna namba. Nilipenda namba zile kwa sababu hazikuniuliza nilisoma wapi.

Bonifasi hakukipenda kitabu kile. Yeye alivuta ukope wa chini wa mgonjwa, akatazama utando wa ndani, akageuza kiganja, akabonyeza mguu juu ya kifundo aone kama kidole kinaacha shimo, kisha akauliza mtu amekula nini jana. Karatasi ilikuja mwisho. Nilipomwambia kwamba karatasi haikosei, alisema, "Karatasi haina miguu. Haiwezi kuvimba miguu."

Ndipo akaja Dokta. Alikuwa Mzungu wa makamo, mpole, mwenye haraka, aliyetumwa kuchunguza dawa ya safura kando ya ziwa. Safura mnaijua: minyoo midogo inaingia kwa nyayo, inakaa tumboni na kunywa damu ya mtu miaka na miaka mpaka anapanda kilima akihema kama aliyefukuzwa. Dokta alikuwa na kapsuli za kuua minyoo hiyo na vidonge vya chuma vya kurudisha damu. Alitaka kujua ni kipimo gani kinafaa. Kwa hiyo alihitaji watu wa kujitolea: wakubali kupimwa kila Jumanne kwa wiki kadhaa kabla ya dawa, na tena baada yake.

Kulikuwa na sheria moja ambayo alinikumbusha mara nyingi, nami nikaiandika ndani ya jalada la kaye. Mtu ambaye damu yake ni hafifu mno asipewe kapsuli. Zingeweza kumwangusha. Kwanza anywe chuma mpaka rangi ipande, ndipo kapsuli.

Tulikwenda kijiji cha Makobola kwa kamyoneti, tukakusanya watu mbele ya shule ya misheni. Dokta alieleza kwa Kifaransa kwamba hakuna anayelazimishwa, kwamba sindano ya kidole inauma kidogo, kwamba dawa inaweza kuleta kizunguzungu, na kwamba anayetaka ajitokeze. Alisema kwa muda mrefu. Kapita wa kijiji, aliyezoea kuita watu kwenye kazi ya barabara, alitafsiri kwa muda mfupi.

"Bwana Dokta anaomba muntu moja kila nyumba. Kila Jumanne. Kuko sabuni na chumvi."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Kifaransa nilikielewa, Kiswahili ni changu, na nilisikia vizuri ni vitu vingapi vimeachwa njiani. Sikusema neno. Watu walikuwa wanajipanga, orodha ilikuwa inaandikika, na nilipenda sana orodha inayoandikika.

Tena ni mimi niliyetoa wazo la jetoni. Majina yalikuwa yananisumbua. Mtu alikuwa na jina la ubatizo, jina la baba na jina la utani, na kila siku alitaja lingine. Nikamwambia Dokta kwamba kapita ana jetoni za barabara, vile visahani vya bati vyenye tundu na namba, na kwamba tukimpa kila mtu jetoni moja avae shingoni hatutahitaji majina tena. Dokta alinipiga begani. Alisema nina akili ya utaratibu. Nililala na maneno hayo kama mtu aliyepewa mke.

Hivi ndivyo kazi ilivyokwenda. Kila Jumanne kapita alikaa kwenye veranda ya shule na kuita namba. Mwenye jetoni alipita, akachomwa kidole na Bonifasi, karatasi na kioo vikaandikwa namba. Wiki nyingine aliacha pia kisanduku cha kiberiti, na ndani yake hakukuwa na kiberiti, kulikuwa na choo cha kupima. Vyote vililetwa kwangu darasani, nyuma ya pazia, kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Watu sikuwaona. Niliona namba zikipita. Bonifasi alikuja nasi Jumanne ya kwanza tu. Baadaye alipandishwa Bijombo kuchanja ndui milimani, na sindano ikashikwa na msaidizi mmoja ambaye alichoma vidole kwa ustadi na kutazama nzi.

Namba kumi na nne ilianza kunisumbua wiki ya pili.

Wiki ya kwanza karatasi yake ilikuwa nyekundu nzito, damu ya mtu anayevuta wavu. Wiki ya pili ilikuwa waridi, karibu na chini kabisa ya kitabu. Wiki ya tatu ikawa nzito tena. Kwenye kiberiti mayai yalikuwa machache, kisha nikakuta mengi kiasi kwamba niliacha kuhesabu, nikaanza upya, nikaacha tena. Damu ya mtu haifanyi hivyo. Inashuka polepole na kupanda polepole, na kwenye kaye yangu namba nyingine zote zilikuwa na mstari wa kuaminika.

Ningeweza kunyanyua pazia na kusema, niitieni kumi na nne. Ilikuwa hatua nne. Badala yake niliketi pale, nikaamini kwamba kosa ni langu. Nilidhani nimechanganya karatasi, au nimengoja mno mpaka rangi ikabadilika, au macho ya mtu asiyesoma yamefichuliwa hatimaye. Nilimwona Dokta kichwani mwangu akifungua kaye, akiona ile ngazi ya wazimu, na akiniuliza nilisomea wapi. Nikachukua kifutio. Ile ya wiki ya pili nikaiinua. Ya wiki ya nne, ambayo ilikuwa waridi tena, nikaiinua pia, na ya sita vilevile. Nikaweka namba nzuri, zinazoshuka kidogo na kupanda kidogo, kama za jirani zake. Nilipuliza vumbi la kifutio. Mstari ulipendeza.

Nawaambia haya bila kupunguza kwa sababu nyote mna vifutio.

Siku ya kapsuli ilifika. Mtu hakutakiwa kula asubuhi, wala kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, tangu jana yake. Dokta mwenyewe alisimama kwenye veranda na trei ya kapsuli na birika la maji, na msaidizi wa sindano alikuwa ameugua, kwa hiyo nilitolewa nyuma ya pazia nisimame kando ya Dokta na kaye. Kazi yangu ilikuwa kusoma rangi ya mwisho ya kila namba. Ikiwa juu ya mpaka uliowekwa na Dokta, kapsuli nne. Ikiwa chini, chuma.

Nilishangaa kwamba namba zina nyuso. Namba tatu alikuwa mzee mcheshi aliyemwambia Dokta, "Minyoo yangu ni ya zamani, Bwana, inajua Kibembe tu." Namba tisa alikuwa na kigugumizi. Nilianza kufurahi.

Kapita akaita, "Kumi na ine."

Alikuja kijana wa miaka kama ishirini, polepole, akishika nguzo ya veranda kabla ya kupanda ngazi mbili. Alipofika juu alisimama kidogo kutafuta pumzi. Kisha akanyoosha mkono apokee. Kiganja kilikuwa cheupe kama tumbo la samaki mukeke. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani. Sikuhitaji kumvuta ukope, lakini nilimwona akipepesa macho juani, na ndani ya ukope hapakuwa na rangi yoyote.

"Rangi?" Dokta akauliza, macho yake kwenye trei.

Nilikuwa na kaye mkononi. Niliona kijana, na niliona namba niliyoiandika kwa mkono wangu. Nilijua papo hapo, kama mtu anavyojua moto. Na nikasoma namba ya kaye. Niliisoma kwa sauti safi, kwa Kifaransa kizuri kuliko siku zote.

Dokta akaweka kapsuli nne kwenye kile kiganja. Kijana akazimeza moja moja na kunywa maji, akasema, "Asante, Bwana," akashuka kukaa kivulini.

Kapita akaita kumi na tano. Nikasoma. Akaita kumi na sita. Nikafungua mdomo na kilichotoka hakikuwa namba. Nilisema, "Dokta, kumi na nne ni uongo. Mimi ndiye niliyeiandika."

Hakunielewa. Nikarudia, nikamwonyesha mahali karatasi ya kaye ilipokonda kwa kufutwa. Alinitazama, akatazama chini kwenye kivuli, akaweka trei juu ya mapaja ya kapita na kuruka ngazi.

Tulimpa maji ya chumvi, kikombe juu ya kikombe, ile chumvi iliyoletwa kwa zawadi. Alitapika mchangani. Nilipiga magoti na kutafuta kwa vidole vyangu. Kapsuli mbili zilitoka nzima. Nyingine mbili hatukuziona. Tulimbeba hadi darasani, tukamlaza juu ya mkeka chini ya ubao, na Dokta akaniambia nishike kifundo cha mkono wake na nisiachie. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, kisha unakosa pigo, kisha unakimbia kulitafuta. Nilimuuliza jina.

"Ndagano," akasema.

Wiki sita nilikuwa nimepima damu yake, au ya mtu fulani, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nisikie jina lake.

Baada ya kitambo mlango ulijaa mtu. Alikuwa mwanamume mpana, mikono minene, magamba ya samaki yamekaukia kwenye shati. Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye kitenge cha buluu.

"Mudogo yangu munamufanya nini?"

"Anapumzika," nikasema. "Wewe ni nani?"

"Minye ni Kashindi. Kumi na ine."

Nikamwambia kumi na nne ni huyu aliyelala. Akasema huyo pia ni kumi na ine. Nikamuuliza kwa nini hawakusema kwamba ni watu wawili, kwa nini walitudanganya wiki zote hizi.

Kashindi hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kujua mgonjwa ni nani katika chumba kile.

"Kudanganya wapi, Munganga? Jetoni iko moja. Ku barabara ya Fizi tunafanya vile: nyumba inatoa muntu, mwenye nafasi anavaa jetoni, anaenda. Minye nikiwa na wavu, Ndagano anakuya. Ndagano akishindwa kutembea, minye ninakuya. Weye ulisema kumi na ine isikose Jumanne. Ilikosa siku gani?"

Haikuwa imekosa hata siku moja. Nilikuwa nimeisifu kwa hilo mbele ya Dokta.

Mwanamke mwenye kitenge, ambaye alikuwa Nabindu, mke wa Ndagano, alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa mkeka. Alisema bila kuinua kichwa, "Hata minye nilikuyaka siku moja. Ile ya kiberiti. Bote wawili walikuwa ku ziwa, nikasema nyumba isipate haya."

Dokta aliniomba nimtafsirie. Nilitafsiri yote, safari hii sikuacha kitu njiani. Alitoka kwenye veranda, ambako watu walikuwa bado wameketi, akaniambia niwaulize jambo moja: aliyevaa jetoni hii Jumanne ya kwanza, asimame. Niliuliza. Wengine walisimama. Wengi walibaki wameketi, wakitazamana kwa upole, na mzee wa minyoo ya zamani akasema, "Minye nilikuya kwa nafasi ya muke yangu. Yeye ndiye mugonjwa." Dokta aliketi juu ya sanduku la vioo. Sanduku lilikuwa na vioo ndani. Tulisikia.

Ndagano hakufa. Nasema hivi mapema kwa sababu mimi mwenyewe siwezi kusoma habari ya mtu mgonjwa bila kuruka mbele. Jioni moyo ulitulia. Tulimchukua Uvira kwa kamyoneti, nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya Nabindu, na Bonifasi aliposhuka kutoka Bijombo alimwandika kwenye kitabu cha wagonjwa wa kawaida, kwa jina, akamwanzishia vidonge vya chuma na maharage. Mimi nilimweleza Bonifasi kila kitu. Alisikiliza akinawa mikono.

"Na wewe ulimwona kiganja?"

"Nilikiona."

"Mbele ya kusoma ao nyuma?"

"Mbele."

Alifunga bomba, akakausha kidole kimoja kimoja. "Basi weye ni muzima wa macho," akasema, akaenda kwa wagonjwa wake. Hakulitaja tena jambo hilo maisha yake yote, na nilikuwa tayari kutoa chochote alitaje.

Nilingoja kufukuzwa. Dokta hakunifukuza. Alisema hana mwingine anayeweza kusoma vioo, na kwamba uchunguzi utaanza upya, kwa majina, kwa nyuso, na mimi nikae mbele ya pazia. Sijawahi kupata adhabu nzito kuliko ile. Nilikuwa naamka na kuvaa na kwenda mahali ambapo kila mtu alijua.

Miezi miwili baadaye aliniita. Ndagano alikuwa amerudi Makobola na damu yake ilikuwa imepanda vizuri. Dokta alikuwa ametazama namba zake za kweli, zile nilizozifuta nikaziandika upya kwa kukumbuka, na aliona kwamba mtu aliyeanzia chini kiasi kile ni wa thamani sana kwa uchunguzi. Alimtaka kwenye orodha mpya. "Nenda ukamuulize," akasema. "Kwa kuwa ni wewe, umweleze vizuri."

Nilienda kwa baiskeli. Ndagano alikuwa ameketi nje ya nyumba akirekebisha wavu wa kaka yake. Alinipa kigoda. Nikamweleza saa nzima, pole pole, yote ambayo kapita aliyaacha na mengine ambayo Dokta hakuyasema: kapsuli ni kitu gani, zinaweza kufanya nini kwa moyo, mara ngapi atachomwa, kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayekuja na si Kashindi wala Nabindu. Kashindi alikuwa ameegemea mlango akisikiliza.

"Nyumba haina shida," Kashindi akasema. "Atakwenda."

"Namuuliza Ndagano," nikasema.

Kashindi alicheka kidogo. "Muulize basi. Hatujaona hii."

Ndagano alifunga fundo moja la wavu, akaukata uzi kwa meno. "Nikikataa," akasema, "vidonge vya chuma vinakatika?"

Hapo nilishikwa. Vidonge vile vilitoka kwenye sanduku la uchunguzi. Bonifasi alikuwa anavichukua tu. Nilijua jibu ambalo lingempendeza Dokta, na jibu ambalo lingempendeza Ndagano, na lolote kati ya hayo lingejaza pale mahali patupu vizuri kabisa.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Sijui. Nitauliza, nirudi."

"Ni mbali kwa baiskeli," Kashindi akasema.

Nilirudi Uvira. Dokta alikasirika kwamba sikuja na jibu, kisha akasema kwamba la hasha, vidonge havikatiki, mgonjwa ni mgonjwa. Nikamwomba amwambie Bonifasi mbele yangu. Akamwambia. Keshokutwa yake nilipanda tena baiskeli. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya Fizi ilikuwa tope hadi kwenye mnyororo; nilifika nikiwa mweusi mpaka kiunoni, na Nabindu alicheka waziwazi.

"Havikatiki," nikamwambia Ndagano. "Amesema mbele ya Bonifasi, nami nilikuwepo. Ukikubali ama ukikataa."

Alitazama viganja vyake, ambavyo sasa vilikuwa na rangi.

"Basi hapana," akasema.

Kashindi aliondoka mlangoni akaja kuchutama karibu naye.

Nilifungua kaye mpya. Ilikuwa imepigwa mistari na mimi mwenyewe kwa rula: jina, kijiji, umri, rangi, mayai, kapsuli. Nilitafuta mahali pa kuandika alichosema. Hapakuwapo. Katika karatasi zote tulizotengeneza, mimi na Dokta, na zote tulizoletewa kutoka nje, hatukuwahi kufikiri kwamba mtu atasema hapana na kwamba neno hilo litahitaji mahali pa kukaa. Nilikaa na kalamu juu ya ukurasa safi, nikiona aibu kuuharibu.

"Hauandiki?" Ndagano akauliza.

"Naandika."

"Andika minye nione. Nilisoma kwa mapadri, herufi ninazijua."

Nikaandika pembeni, nje ya mistari, kwa mkono ambao haukuwa mzuri kwa sababu ya baiskeli: Ndagano, wa Makobola, ameulizwa, amekataa. Nikamgeuzia kaye. Aliiweka juu ya magoti, akasoma polepole, kidole chini ya kila herufi, mpaka mwisho, kisha akarudi mwanzo akasoma tena, sauti yake ikipanda kidogo ili Kashindi asikie. Akanirudishia.

"Sasa nawa mikono," akasema. "Nabindu amesonga ugali."